Tafi na siku saba za mwezi: uchambuzi wa kisa cha kufunga eneo la uvuvi, pwani ya kusini ya Kenya

Kisa hiki ni cha kijiji kimoja katika Kaunti ya Kwale, na cha samaki ambaye wavuvi wake humtegemea, tafi. Jina la kijiji, majina ya wahusika na jina la fungu lenyewe, yaani tuta la mchanga baharini lililofungwa, nimeyaondoa, na miaka nimeihesabu tu: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kuhusu fungu sikuficha jina kwa ajili ya adabu peke yake. Mahali samaki wanapokutana kutaga pakishajulikana mbali, vyombo vya mbali hufika.

Mimi nilikuwa mmoja wa wawezeshaji watatu waliokaa na kamati ya BMU (Beach Management Unit, umoja wa wavuvi wanaosimamia ufuo wao) tangu mwanzo. Kosa la mwaka wa kwanza nililitia mkono, na ndiyo sababu naliandika kwa kirefu kuliko yale tuliyofanikiwa.

Kijiji na maji yake

Mbele ya kijiji pana ngome ya matumbawe inayofuatana na pwani. Kati ya ngome na ufuo ni maji ya ndani, na chini yake ni nyasi za bahari karibu kote. Maji yakipwa wakati wa bamvua, siku yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, mtu mrefu anatembea hadi karibu na ngome bila kulowa kifua. Vyombo hutokea kwenye mlango mmoja tu wa ngome, na nje ya mlango huo, ukielekea kaskazini, pana fungu la mchanga lenye nyasi na vichwa vya matumbawe hapa na pale.

Wavuvi wengi hapa ni watu wa malema, mitego ya kusukwa. Lema la kijiji hiki husukwa kwa fito zilizopasuliwa, macho yake yana pembe sita, na mlango wake ni mpana nje na mwembamba ndani. Mvuvi hulitia chambo cha mwani, akalizamisha kwenye nyasi kwa mawe, akalirudia kesho yake au keshokutwa. Wengine hutega nyavu, wachache huvua kwa mshipi. Juya, wavu wa kukokota, lilipigwa marufuku Kenya mwaka 2001 na hapa wameliacha, ingawa si bila ugomvi.

Samaki wa malema ni tafi. Kuna siku lema litatoa changu, pono au kikande, lakini anayelipa deni la dukani ni tafi. Wakubwa huchukuliwa na tajiri mwenye barafu. Wadogo, wale wa urefu wa kiganja, huchukuliwa na mama karanga, ambao huwapasua, huwakaanga na kuwauza jioni kando ya barabara. Hawa mama karanga wawekwe akilini, maana watarudi baadaye.

Tafi ni samaki gani

Tafi, ambaye wengine humwita tasi na Tanzania utasikia pia chafi, kwa jina la kisayansi ni *Siganus sutor*. Ni samaki wa upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi. Yuko pwani ya Afrika Mashariki yote, yuko Komoro, Madagaska, Shelisheli na Mauritius. Aliyefanya kazi Omani au Dubai ataniambia huko pia wapo, na wanaitwa safi. Kweli, lakini safi wa Ghuba ni ndugu yake, *Siganus canaliculatus*, anayefanana naye sana kwa umbo na kwa ladha.

Ni samaki bapa, ngozi yake laini kama haina magamba kwa jinsi magamba yalivyo madogo, mdomo mdogo kama wa sungura, na kazi yake mchana kutwa ni kulisha. Anakula mwani na nyasi za bahari. Kwa hiyo utumbo wake ni mrefu, na akiachwa juani bila kupasuliwa, tumbo huharibika kabla ya nyama. Akiogopa hubadilisha rangi: kijivu chake hugeuka mabaka meusi na meupe ndani ya muda wa kupepesa jicho. Nimeona mtoto akitoa tafi kwenye lema akidhani ametoa samaki wa aina mbili.

Ana miiba 13 mgongoni, 7 nyuma ya tumbo na 4 kwenye mapezi ya tumbo, na yote ina sumu. Haiui, lakini mtu mzima hulia. Dawa ya ufuoni ni kutia mkono kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia, na dawa hiyo ni sahihi, kwa sababu sumu hiyo huvunjika kwa joto.

Yaliyoamua kisa hiki ni mambo matatu ya maisha yake. La kwanza, hukua haraka, lakini hazai mpaka akaribie au apite shubiri moja. La pili, mtoto wake hukulia kwenye nyasi za maji ya ndani, lakini mkubwa akitaka kutaga huondoka humo. Huenda mahali maalumu pamoja na wenzake wengi, wakakutana siku chache tu za mwezi, kisha wakatawanyika. Mikutano ya namna hii imeandikwa na watafiti kusini mwa Kenya na huko Shelisheli, na kote huandamana na mwezi mpevu. La tatu, mayai ya samaki wa jamii hii ni madogo mno na hunata chini. Huanguliwa upesi, na vichanga huchukuliwa na mkondo kwa majuma kadhaa kabla ya kurudi kutafuta nyasi. Nyasi watakazozipata si lazima ziwe za kijiji walikoanguliwa.

Kwa upande wa majira, utafiti uliofanywa pwani ya Kenya na kuchapishwa mwaka 1990 ulionyesha vipindi viwili vya kutaga: Januari na Februari, kisha Mei na Juni.

Mwaka wa kwanza: tulifunga pale wanapokula

Malalamiko yalikuwa ya kweli. Tafi walikuwa wamepungua ukubwa. Wazee walisema lema moja zamani lilitosha kwa chakula na kwa kuuza, na sasa mtu anaopoa malema sita apate mtungo mmoja wa samaki wa ukubwa wa vidole. Kamati iliita mkutano chini ya mkungu ulio karibu na banda la samaki, nasi tukaja na pendekezo.

Pendekezo letu lilikuwa jepesi kulieleza: kufunga maji ya ndani yote kwa malema na nyavu, Desemba hadi Februari. Hoja zilikuwa tatu. Miezi hiyo ndiyo tafi hutaga. Maji ya ndani yanaonekana kutoka ufuoni, kwa hiyo kulinda ni rahisi. Na majira ya kaskazi, yaani ya upepo wa kaskazini mashariki, bahari ni shwari, kwa hiyo wavuvi wangeweza kutoka nje ya ngome wasife njaa. Hoja ya tatu ndiyo tuliyoipenda zaidi, na ndiyo iliyotuangusha.

Mzee mmoja wa malema alinyoosha mkono mwishoni. Alisema, "Mwanangu, hapa tafi anakula. Harusi yake iko nje." Kauli hiyo imo kwenye muhtasari wa mkutano, neno kwa neno, kwa mwandiko wangu. Hakuna aliyemuuliza nje ni wapi. Nilidhani anasema kwa mafumbo, na jua lilikuwa linazama, na watu walitaka kwenda kusali magharibi.

Mama karanga hawakuwako. Mkutano ulipangwa alasiri, saa ambayo wako motoni.

Eneo lilifungwa. Kwa majuma mawili ya kwanza ya Desemba amri ilifuatwa. Kisha Januari ikaja na karo za shule. Baadhi ya wavuvi walirudisha malema ndani usiku, yakiwa hayana chelezo (boya), wakayatafuta kwa kulinganisha mnazi fulani na paa la msikiti. Malema kadhaa hayakupatikana tena, na lema lililopotea huendelea kuvua mpaka fito zioze. Wengi zaidi walitii, wakatoka nje ya mlango kama tulivyowashauri. Kaskazini kidogo ya mlango, kama nilivyosema, ndiko kuliko lile fungu.

Asubuhi ya ndoo

Siku ya pili baada ya mwezi mpevu wa Januari nilifika bandarini mapema na kukuta watu wanapita na ndoo. Vikapu vilikuwa vimekwisha. Ngalawa tatu zilikuwa zimelala mchangani zikiwa na tafi mpaka kwenye mbao za kukalia, wote wakubwa, wote wa zaidi ya shubiri. Vijana walikuwa wakicheka kwa uchovu. Mwenyekiti alinishika bega akaniambia, "Umeona? Wamerudi."

Nilifurahi naye. Niliandika kwenye daftari kwamba ufungaji umeanza kuzaa matunda ndani ya muda mfupi.

Kisha nikaenda kukaa na mama karanga mmoja aliyekuwa akipasua. Alimshika tafi, akabonyeza tumbo kidogo tu kwa kidole gumba, na mayai yakatiririka yenyewe, mepesi, ya rangi ya manjano iliyofifia, kama uji mwembamba wa mchele. Akamshika wa pili, yakatoka maji meupe. Wa tatu, mayai. Beseni lake la matumbo lilikuwa limejaa mayai matupu. Akaniuliza, bila kunitazama, "Kaka, nyinyi si mmesema mnafunga ili wazae? Hawa wamekamatwa wakiwa kitandani."

Tajiri alishusha bei siku hiyo hiyo kwa sababu barafu haikutosha. Tafi wengine wakubwa waliuzwa kwa bei ya wadogo, na wengine wakaanza kunuka saa sita kabla hawajapata mnunuzi. Hilo bado linaniuma nikiliandika.

Mwaka wa pili: daftari na matumbo

Tulimwendea yule mzee nyumbani. Alitukaribisha kwa kahawa na hakutukumbusha lolote. Alichosema ni kwamba babake alivua fungu hilo, naye alikatazwa kulivua "siku za giza jepesi", yaani zile za mwezi kuanza kuchelewa kutoka. Hakuwa na maelezo ya kwa nini. Alidhani ni heshima kwa wenyewe wa mahali.

Tukakubaliana na kamati tusipendekeze kitu chochote kabla ya kaskazi moja kupita. Wavuvi kumi waliojitolea walipewa daftari na rula ya plastiki. Kila mmoja, kila siku aliyovua, alichagua tafi watano bila kuangalia ukubwa, akawapima, akawapasua, akaandika mambo manne: mahali, urefu, hali ya tumbo, na tarehe ya mwezi wa angani, ikihesabiwa tangu mwandamo. Hali ya tumbo ilikuwa na maneno matatu tu tuliyokubaliana: tupu, magumu, yanatiririka.

Tarehe ya mwezi ndiyo iliyofanya kazi hii iwe nyepesi. Tungedai tarehe za kalenda ya ukutani, nusu ya daftari zingekuwa za kubuni. Lakini hakuna mvuvi wa pwani asiyejua leo ni mwezi ngapi, kwa sababu bamvua na maji mafu vyote anavisoma humo. Waliandika mwezi 13, mwezi 16, mwezi 22, bila kufikiri.

Mpaka Februari inaisha, daftari zilikuwa zimesema kitu kimoja kwa miandiko kumi tofauti. "Yanatiririka" ilionekana karibu yote kwenye fungu la nje, na karibu yote kati ya mwezi 15 na mwezi 19. Maji ya ndani, miezi yote ile, yalitoa matumbo tupu na machache magumu. Yule mzee alisomewa matokeo akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayesomewa barua aliyoiandika mwenyewe.

Tuliyoamua, na kwa nini

Maji ya ndani yalifunguliwa. Haikuwa rahisi kwa wenzetu waliokuwa wameandika ripoti ya mwaka wa kwanza, lakini kuyafunga kulikuwa kumewasukuma wavuvi kwenye kitanda cha samaki, na hilo lilikuwa limeandikwa kwenye daftari za wavuvi wenyewe.

Fungu la nje lilifungwa kwa chombo chochote, mshipi ukiwamo, kuanzia mwezi 14 hadi mwezi 20, katika miandamo minne ya kaskazi inayoanguka kati ya Novemba na Februari. Hapa palikuwa na mjadala wa saa nzima kuhusu kalenda. Tukisema miezi ya Kiislamu, itahama na kuiacha kaskazi baada ya miaka michache. Tukisema miezi ya Kizungu peke yake, haijui mwezi mpevu ni lini. Wazee wawili walikumbuka hesabu ya zamani ya miongo kuanzia Siku ya Mwaka, ambayo inafuata jua na pepo, na walitaka itumike. Mwishowe tulichanganya: kaskazi itambuliwe kwa miezi ya ukutani, na siku zihesabiwe kwa mwezi wa angani. Siku saba zilichaguliwa, ingawa daftari zilionyesha tano, ili mwandamo ukionekana siku moja kabla au baada pasiwe na mabishano.

La tatu lilihusu wadogo. Kufunga fungu hakumsaidii tafi wa kiganja anayekamatwa kwenye nyasi kabla hajazaa hata mara moja. Tulileta wazo la mwanya: nafasi ya wima kwenye kona ya lema, upana sentimita 3 na urefu sentimita 30, kipimo kilichokwisha kujaribiwa kwenye malema ya pwani ya Kenya. Tafi ni bapa, kwa hiyo mdogo hupita kwa ubavu na mkubwa hubaki. Mwanya huo huwaokoa pia samaki wembamba wa rangirangi ambao hawana bei yoyote.

Safari hii mkutano ulifanywa asubuhi saa tatu, na mama karanga kumi na wawili walikuja. Walipinga mwanya. Msemaji wao alisema tafi wa kiganja ndiye mtaji wao. Mkubwa hawamwezi kwa bei, huchukuliwa na tajiri. Ukimwachia mdogo atoke, umemfungia yeye jiko. Palizuka ukimya, kwa sababu hakukuwa na jibu.

Waliokuja na njia walikuwa wasukaji wa malema. Lema halidumu, baada ya miezi kadhaa majini fito huoza na lazima lisukwe jipya. Walipendekeza malema ya zamani yasiguswe, ila kila lema jipya lisukwe na mwanya. Hivyo upungufu wa wadogo ungekuja polepole, mama karanga wakapata muda. Kamati pia ilikubali kwamba tafi wakubwa waliopatikana siku ambazo barafu imekwisha wauziwe wao kwanza, kabla ya wanunuzi wa kutoka mjini.

Yaliyotokea

Kaskazi ya mwaka wa tatu ilianza vizuri. Novemba na Desemba hakuna aliyetega fungu siku za katazo. Ubao wa mbao uliandikwa kwa chokaa karibu na banda la samaki: leo mwezi ngapi, na chini yake neno "wazi" au "harusi". Neno hilo la mzee lilishika kuliko neno lolote tuliloleta sisi. Watoto walilitumia njiani.

Januari, usiku wa mwezi 16, vyombo viwili vya wavuvi wa dago vilizungusha nyavu kwenye fungu. Walikuwa wamepiga kambi ufuo wa pili, kama wafanyavyo wavuvi wahamaji kila kaskazi kwa miaka isiyohesabika, wakiwa na vibali vyao. Asubuhi vijana wa kijiji walitaka kuwachomea nyavu. Mwenyekiti aliwazuia kwa mwili wake, akaenda mwenyewe kambini. Alirudi na habari ambayo hatukuipenda: hakuna mtu aliyekuwa amewaambia. Ubao wetu ulikuwa upande wetu wa ghuba. Nahodha wao alisema walimwona tafi akijaa, wakamvua, kama mtu yeyote angefanya. Baada ya siku mbili alikuja kwenye banda, akapewa karatasi ya siku za harusi, na mwandamo wa Februari hawakuonekana kwenye fungu.

Faini haikutozwa, na haingeweza kutozwa. Kanuni za BMU za mwaka 2007 na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2016 zinawapa wavuvi nafasi ya kushiriki katika usimamizi, lakini sheria ndogo ya kijiji inahitaji kuidhinishwa na idara ya uvuvi kabla haijamfunga mtu wa nje. Yetu ilikuwa bado ni makubaliano ya mkono na maneno.

Kwenye malema, mpaka mwisho wa mwaka huo zaidi ya nusu yalikuwa na mwanya. Wavuvi wenye mwanya walileta samaki wachache kwa idadi na wakubwa kwa mwili, na uzito wa jumla, kwa wale walioandika kwa uaminifu, haukushuka kama walivyohofia. Wavuvi wawili waliziba mwanya kwa kamba mwezi wa Ramadhani. Kamati iliwaita, ikawasikiliza, ikawaacha mpaka Idi.

Mama karanga watatu waliacha biashara ya tafi. Wawili walihamia dagaa. Mmoja sijui alikokwenda.

Uchambuzi

Kosa la mwaka wa kwanza lilikuwa la ramani. Tulijua tafi hutaga lini kwa miezi, tukadhani anatagia mahali anapoonekana. Mvuvi na mtafiti wote humwona tafi kwenye nyasi, kwa hiyo kila mtu humhesabia makao huko. Samaki huyu ana nyumba ya kula na nyumba ya kuzalia, na umbali kati yake ni mdogo kiasi cha kuonekana kwa macho kutoka ufuoni. Kufunga ya kwanza na kuacha ya pili kulikuwa kubaya kuliko kutofunga kabisa.

Kosa hilo lilijificha kwa sababu lilileta samaki. Hili nataka lieleweke vizuri na yeyote anayesimamia eneo la uvuvi. Samaki wanaokutana kutaga wanaweza kuvuliwa kwa wingi uleule mwaka baada ya mwaka huku idadi yao yote ikipungua, kwa sababu waliobaki bado wanakutana mahali palepale. Ndoo zinajaa mpaka mwaka ambao hazijai tena. Mavuno makubwa ya ghafla, ya samaki wa kimo kimoja, baada ya mwezi mpevu, yaamshe shaka kabla ya kuamsha furaha. Bonyeza tumbo kwanza.

Daftari zilifanikiwa kwa sababu ziliuliza kidogo na ziliuliza kwa lugha ya wenyewe. Maneno matatu ya tumbo, tarehe ya mwezi, samaki watano. Katika kazi nyingine nimeona fomu za kurasa nne zikirudi tupu, zikiwa na alama ya maji ya bahari. Lakini sitaki kuipamba: yule mzee alikuwa ametupa jibu bure, mwaka mzima kabla. Tulilipa kaskazi moja nzima ya tafi wenye mayai ili kuthibitisha jambo lililokuwa limeandikwa kwenye muhtasari.

Je, tafi wameongezeka? Baadhi ya wafadhili waliuliza hivyo, nasi tulikataa kuandika ndiyo. Kuongezeka kwa ukubwa wa samaki kwenye lema lenye mwanya ni kazi ya mwanya wenyewe, kwa kuwa wadogo wametoka. Na watoto wa tafi waliotagwa kwenye fungu letu huelea majuma kadhaa. Mkondo wa pwani huwapeleka mbali, na watoto wanaokuja kwenye nyasi zetu huenda wametoka fungu la kijiji kingine, au nchi nyingine. Samaki aliyeenea kutoka hapa hadi Madagaska hawezi kuhesabiwa kwa maji ya kijiji kimoja. Tunachoweza kusema ni kwamba kwa miandamo mitatu kati ya minne, tafi wa fungu hilo walitaga bila kuvuliwa.

Kuna wakati nilisikia hoja kwamba samaki wa jamii hii hawahitaji ulinzi kwa sababu ni wagumu na huzaana sana, na mfano uliotolewa ni Bahari ya Kati (Mediteranea). Ni kweli kwamba ndugu zake wawili, *Siganus rivulatus* na *Siganus luridus*, walipita Mfereji wa Suez. Wa kwanza alionekana upande wa pili miaka ya 1920, na leo katika pwani za mashariki ya bahari hiyo wamekula mwani mpaka miamba imebaki mitupu. Lakini huko waliingia kwenye maji yenye mwani mwingi na samaki wachache sana wa kuwashindania. Hapa kwetu tafi yuko katika maji yake ya asili, na kila mtu anamla, kuanzia tewa hadi mimi. Mfano huo haufai.

Kuhusu mama karanga, tulichelewa mwaka mzima, na kuwaita kwenye mkutano hakukuwarudishia mtaji. Mwanya ni chombo kizuri kwa samaki. Gharama yake iliwaangukia watu wasio na ngalawa, wasio na lema, na wasio na kura kwenye kamati wakati huo. Mpango wa kusuka lema jipya na mwanya ulipunguza makali tu. Kama ningeanza upya, fedha tulizotumia kwa fulana na bango za mwaka wa kwanza zingenunua jokofu la sanduku ambalo mama karanga wangeweka tafi wakubwa siku za bei ndogo. Sasa kamati ina viti viwili vyao, na mmoja wao ndiye mweka hazina.

Wavuvi wa dago walitufundisha kwamba makubaliano ya kijiji hayavuki ghuba yenyewe. Kwa kaskazi inayofuata kamati imekwisha kupanga kupeleka karatasi ya siku za harusi kambini kabla ya mwandamo wa Novemba, na BMU jirani imeombwa iweke ubao wake. Maombi ya sheria ndogo yamepelekwa idarani.

Limebaki suala la Mei na Juni. Katika daftari zetu hakuna hata tumbo moja la miezi hiyo kutoka fungu la nje, kwa sababu kusi, upepo wa kusini, hupiga mlangoni na ngalawa hazitoki. Kwa karne zote hizo kusi ndiyo iliyolinda harusi ya pili ya tafi, bila kamati na bila ubao. Mwaka jana kijana mmoja wa kijiji alinunua boti ya faiba yenye injini ya nguvu za farasi 40, na mwezi wa Mei, asubuhi moja upepo ulipotulia, alitoka mlangoni na kurudi salama. Kamati itakaa kulizungumza Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi.